Bosi akikuona mvivu, utakuwa mvivu? Matarajio ya msimamizi yanavyobadili kazi

Leo tunaeleza jambo linalomgusa kila aliyeajiri na kila aliyeajiriwa: kwa nini mtu yuleyule huchapa kazi kwa bosi mmoja, kisha akaonekana goigoi kwa bosi mwingine.

Tuanze na mfano. Mama mwenye duka pale Mkata amechukua vijana wawili wa kumsaidia. Mmoja ameletwa na shangazi yake, ameambiwa kijana ana akili. Wa pili ameambiwa "huyu mvumilie tu, kichwa kizito." Wa kwanza anaonyeshwa kupiga hesabu ya mauzo, akikosea anaelekezwa upya. Wa pili anapewa ufagio na kubeba mizigo, akikosea anafokewa. Baada ya miezi mitatu wa kwanza anaweza kuachiwa duka, wa pili hajui hata bei ya sukari. Mama anasema, "Si niliambiwa!" Hajioni kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyemfundisha mmoja na kumwacha mwingine.

Jambo hili limepimwa na wataalamu. Mwaka 1968 mwanasaikolojia Robert Rosenthal na mwalimu mkuu Lenore Jacobson, wote wa Marekani, walitoa matokeo ya jaribio lao katika shule moja ya msingi huko California. Waliwaambia walimu kwamba mtihani maalumu umeonyesha watoto fulani watapanda sana mwaka ule. Kumbe majina yale yaliokotwa kama bahati nasibu. Mwaka ulipokwisha, wengi wa watoto wale, hasa wa madarasa ya chini, walikuwa wamewapita wenzao kwa alama. Wapo wataalamu waliosema matokeo yale yalikuzwa kupita kiasi, na mjadala uliendelea kwa miaka. Lakini mwaka 1982 Dov Eden na mwenzake walitoa matokeo ya jaribio la aina hiyo kwa askari 105 waliokuwa mafunzoni katika jeshi la Israel. Askari ambao wakufunzi waliambiwa wana uwezo mkubwa walifanya vizuri zaidi, ingawa nao walichaguliwa bila kuangalia uwezo.

Hapa hakuna uchawi. Rosenthal alieleza njia nne ambazo matarajio hupitia. Ya kwanza ni uso na sauti: unayemwamini unamsalimia vizuri na unamsikiliza. Ya pili ni mafunzo: unampa maelezo mengi na kazi ngumu zaidi. Ya tatu ni nafasi: unamwacha ajaribu, hukurupuki kumnyang'anya kazi. Ya nne ni kumrudishia majibu: unamwambia pale alipopatia na pale alipokosea. Usiyemwamini anakosa vyote vinne. Baadaye anaacha kujaribu, kwa sababu hata akijitahidi hakuna anayemwona.

Sisi watu wa Tanga tuna historia yetu juu ya jambo hili, nayo ni mkonge. Zao hili lililetwa mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, likaenea hadi Korogwe na Handeni. Chini ya Mwingereza mashamba yalihitaji watu wengi, na mwaka 1944 wenye mashamba waliunda ofisi ya kukusanya vibarua, SILABU. Watu walitolewa mbali, kama Kigoma na Songea. Waliitwa manamba, jina linalotokana na namba. Kila mmoja alikuwa na kipande, kadi ya siku 30 za kazi, na ujira ulifuata kipande kilipojaa.

Wakoloni wengi waliamini kwamba Mwafrika ni mvivu kwa asili, na kwamba ukimwongezea mshahara atafanya kazi siku chache zaidi. Kwa imani hiyo walimpa ujira mdogo, kazi ileile ya kukata majani kila siku, na mnyapara wa kumsimamia. Hakukuwa na sababu ya kumfundisha kuendesha mashine ya korona au kutunza hesabu. Kibarua naye alitimiza kiwango alichopangiwa, basi. Meneja akaandika: mvivu. Imani ilizaa utaratibu, utaratibu ukazaa mwenendo, na mwenendo ukachukuliwa kuwa ushahidi wa imani.

Linganisha na ilivyokuwa baadaye. Mwishoni mwa miaka ya 1990 kampuni ya Katani ilianza utaratibu wa wakulima wadogo kulima mkonge ndani ya mashamba makubwa ya Korogwe kama Hale, Ngombezi na Magunga. Utaratibu ule haukukosa mivutano. Lakini msingi wake ulikuwa tofauti: mtu wa kawaida alitarajiwa kupanda, kupalilia na kutunza shamba lake, si kukata majani ya mwingine tu. Leo mkulima mdogo anahesabiwa kuwa mzalishaji wa mkonge.

Hata hivyo tuseme ukweli. Maneno matamu peke yake hayajazi tumbo. Bosi anayesema "nakuamini sana" huku mshahara haujalipwa miezi miwili, au anayemtaka kijana wa bodaboda alete hesabu kubwa kwa pikipiki mbovu, huyo hajamwamini mtu, amemwongezea mzigo. Matarajio makubwa huenda pamoja na vifaa, maelekezo na malipo kwa wakati. Na wapo wafanyakazi ambao kweli hawataki kazi. Lakini huwezi kuwajua kabla hujawapa nafasi ya haki.

Sheria yetu nayo inakubaliana na hili. Chini ya Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 na kanuni zake za 2007, mwajiri anayetaka kumwachisha mtu kwa sababu kazi yake hairidhishi anatakiwa kwanza atafute chanzo, ampe maelekezo, na ampe muda wa kutosha wa kujirekebisha. Kusema "huyu mzito" hakutoshi. Anayeona ameachishwa isivyo haki anaweza kupeleka malalamiko Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, ndani ya siku 30 tangu kuachishwa. Kumbuka kwamba aliyefanya kazi chini ya miezi 6 kwa mwajiri huyo hapati kinga hiyo ya kuachishwa isivyo haki.

Kama umeajiri, hata kama ni vibarua wawili wa kupalilia mahindi, jaribu hili wiki hii. Mchague yule uliyekwisha kumkatia tamaa. Mpe kazi moja yenye maana, mwonyeshe inavyofanywa, mwache aifanye, kisha mwambie kwa upole alipopatia na alipokosea. Fanya hivyo mara kadhaa kabla hujamhukumu.

Kama umeajiriwa na unaona umeshapewa jina baya, usingoje bosi abadilike mwenyewe. Muulize waziwazi: "Bosi, ungependa nifanye nini ili kazi hii ikuridhishe?" Omba uelekezwe, na uandike ulichofanya kila siku. Jina baya hupingwa kwa kazi inayoonekana.

Wahenga walisema, mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Na mfanyakazi vivyo hivyo. Kabla hujasema fulani hawezi, jiulize kwanza ni lini ulimfundisha.