Benye yenye sukari juu: ndani yake kuna nini?

Asubuhi hapa Kalemie, toka bandarini mpaka ng'ambo ya Lukuga, chakula cha kwanza cha watoto wengi ni chai na benye. Wengine wanasema mandazi, sawa tu. Mjini kuna pia ile donati inayopakwa sukari nyeupe juu, na watoto wanaililia. Je, ni chakula ao ni utamu tu?

Tuipime. Donati moja ya kadiri yenye sukari juu, gramu 60 hivi, ina kalori karibu 240. Mafuta ni gramu 13 ao 14, protini haifiki gramu 4, na sukari iko kati ya gramu 10 na 15. Maana yake, nusu ya nguvu yake inatoka kwenye mafuta. Unga mweupe wa ngano umeondolewa pumba na kiini, na humo ndimo sehemu kubwa ya chuma na vitamini za ngano inamokaa. Vitamini A karibu hakuna.

Tusidanganyane, si sumu. Mtu anayekwenda kulima anahitaji nguvu, na mama anayekaanga benye analipa masomo ya watoto kwa karai ile ile. Hatumwambii aache. Shida iko kwa mtoto mdogo. Tumbo lake ni dogo. Likijaa benye na chai, maharagi, ndagala na sombe havina pa kuingia. Siku moja si neno. Ikiwa ni kila siku, mtoto anashiba lakini damu inapungua na kimo hakipandi.

Na sukari tuihesabu yote pamoja. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima anayekula kalori 2,000 asipitishe gramu 50 za sukari ya kuongezwa kwa siku, na ikiwezekana abaki chini ya 25. Donati mbili na kikombe cha chai chenye vijiko vitatu vya sukari vinakaribia gramu 40. Jua bado halijapanda, na huyo ni mtu mzima. Mtoto kipimo chake ni kidogo zaidi.

Kuna jambo lingine linalotuuma sisi watu wa kooperative. Ngano haitoki kwenye mashamba yetu. Unga unavuka ziwa, bei yake inapanda na kushuka bila sisi kuulizwa. Karanga zetu, tunaziuza mapema kwa bei ya chini, juu ya nini? Juu tunataka franka za kununua unga na sukari! Gramu 100 za karanga zina protini gramu 25 hivi. Unga wa ngano una kama 10. Unga wa muhogo haufiki hata 2, kwa hiyo anayechanganya muhogo ili kupunguza bei anapunguza na protini, isipokuwa aongeze kitu kingine.

Kitu hicho tunacho. Chukua kilo moja ya unga wa ngano: ina protini gramu 100 hivi. Toa gramu 200, weka karanga zilizokaangwa na kutwangwa, uzito ule ule: unafika karibu gramu 130. Ukiweka unga wa soya, unapita 150. Soya na karanga zina pia lisini, sehemu ya protini ambayo ngano inayo kidogo, kwa hiyo vinasaidiana. Soya lazima ikaangwe vizuri kabla ya kusagwa, kwani ikiwa mbichi ina kitu kinachozuia tumbo kusaga protini. Karanga zenye ukungu ao zilizogeuka rangi zitupwe, hata kama roho inauma: sumu ya ukungu inaharibu ini, na moto wa karai hauiondoi yote.

Usipite gramu 200 mara ya kwanza, maana donge linakuwa zito na benye haiumuki vizuri. Sukari ya juu, nyunyiza kidogo tu ao acha kabisa. Karanga zilizokaangwa zina utamu wake.

Yabaki mafuta. Wengi tunachoma mafuta mekundu ya ngazi mpaka yawe meupe ndipo tukaange. Ile rangi nyekundu ndiyo mwili unaigeuza kuwa vitamini A, na tunaichoma wenyewe. Afadhali kutia kijiko cha mafuta mekundu kwenye maharagi yakiwa karibu kuiva. Kwa kukaanga, tupia kipande kidogo cha donge: kikizama na kukawia chini, mafuta hayajapata moto na benye itayanywa, mafuta yakitoa moshi, moto umepita. Yakiwa meusi, yanatoa povu na kunuka, yamekwisha kazi, hata kama karai bado imejaa.