Viazi vya malai katika chungu cha umeme

Alhamisi ya nne ya Novemba, Wamarekani wanapoadhimisha Siku ya Kutoa Shukrani, jiko la kuokea katika nyumba nyingi hutekwa na bata mzinga tangu asubuhi. Viazi vya malai, vinavyoliwa pamoja na nyama hiyo, hupelekwa kwenye chungu cha umeme.

Chungu hiki ni cha udongo mzito uliochomwa, na kuta zake hupashwa joto pole pole kwa saa nyingi. Irving Naxon, mvumbuzi wa Chicago, alipata hataza yake mwaka 1940. Wazo lilitokana na masimulizi ya mama yake kuhusu chakula cha Sabato cha Wayahudi wa Lithuania, kilichoachwa usiku kucha katika tanuri la mwoka mikate. Kampuni ya Rival iliinunua biashara ya Naxon mwaka 1970, na mwaka uliofuata chungu kikaingia madukani kwa jina la Crock-Pot.

Anayekijaribu kwa mara ya kwanza hutia kila kitu kwa pamoja asubuhi, akaenda zake kazini. Jioni, wageni wakiwa mlangoni, hukuta viazi vigumu na maziwa yaliyokatika.

Kosa ni la wakati. Protini za maziwa hushikana zikikaa motoni muda mrefu, hasa penye uchachu. Malai mazito hustahimili zaidi, kwani mafuta yake ni mengi na protini ni kidogo. Malai chachu yana dhara la pili: uchachu huiimarisha pektini, ile gundi ya asili inayoshikilia chembechembe za kiazi, nacho kikakataa kulainika.

Mpishi wa pwani ya Afrika Mashariki anaijua kanuni hii kwa njia nyingine. Viazi vya nazi, au mbatata za nazi kama wasemavyo Zanzibar, huchemka katika tui la pili, lile jepesi. Tui zito huingia mwishoni, likikorogwa lisikatike. Hapa supu ya kuku ndiyo tui la pili.

Kwa watu wanane, kilo moja na nusu ya viazi hukatwa vipande vya unene wa nusu sentimita. Yukon Gold, aina iliyotolewa Canada mwaka 1980, hulainika bila kuvurugika. Viazi vya Idaho vyenye wanga mwingi hupondeka, jambo ambalo wengine hulipenda. Vipande visioshwe, maana wanga wake ndio utakaoufanya mchuzi uwe mzito. Huongezwa robo lita ya supu, siagi vijiko viwili, kitunguu saumu, chumvi na pilipili manga, kisha hupikwa kwa moto wa juu saa nne hivi. Kifuniko kisifunuliwe ovyo: joto likipotea, chungu hiki hukawia kulirejesha.

Kisu kikipenya bila kukwama, ndipo hutiwa robo lita ya malai mazito na gramu 150 za jibini iliyokwaruzwa, moto ukashushwa kwa nusu saa.

Mabaki huwekwa kwenye jokofu kabla ya saa mbili kupita, katika vyombo vya kina kifupi. Kesho yake hupashwa moto jikoni. Chungu cha umeme hakifai kwa kazi hiyo, kwa sababu hukawisha chakula kati ya nyuzijoto 4 na 60 za Selsiasi, ambapo bakteria huzaana haraka.