Dishi Inajipika Ukiwa Kwa Jam

Kitu inamaliza wasee wengi hii Nai si jobo yenyewe. Ni kurudi keja. Umetoka kazi saa kumi na moja, umepanga laini pale Railways ukingoja mathree ya Rongai, na mkifika Lang'ata Road jam imekazana mpaka makanga ameshuka anatembea. Saa mbili na nusu ndio unafungua mlango. Hiyo saa hakuna mtu ako na nguvu ya kuanza kukata kitunguu, so unapitia kwa base ya chipo hapo steji, soo na finje imeenda, unadishi macho ikiwa kwa simu, unalala. Kesho ni hivyo tena. Mi sina ubaya na chipo, chipo ni tamu. Lakini kila jioni, wiki nzima, maze hapana. Mwili ni yako na utaihitaji miaka mingi.

Mi naonanga hivi: kupika si ngumu, ni vile tumeiweka saa mbaya ya siku. Ihamishe. Ifanye usiku wa kuamkia hiyo siku ama asubuhi, ukiwa bado na nguvu, jioni ibaki kupakua tu. Hapo ndio slokuka inaingia. Ni chungu ya kauri imekaa ndani ya kasha ya stima, inapata moto kutoka kando pole pole, masaa sita, saba, nane, bila mtu kuikoroga. Ya saizi ya kati inakula kama wati 200. Masaa saba ni uniti moja na nusu hivi kwa tokeni, yaani hata finje haifiki.

Na si kitu ya juzi. Kuna buda wa Chicago, Irving Naxon, alipata hataza yake 1940. Mathake alikuwa amemshow vile nyanyake huko Lithuania alikuwa anafanya: Ijumaa, kabla Sabato ianze, unapeleka chungu ya cholent kwa mwoka mikate wa mtaa. Cholent ni ile mchanganyiko ya Wayahudi, nyama, maharagwe na shayiri. Sabato huwezi washa moto, so chungu ilikuwa inaachwa kwa oveni na joto yenye imebaki inaipika usiku kucha. Naxon akataka hiyo joto ndani ya kila nyumba. Kampuni ya Rival ikanunua biashara yake 1970, mwaka uliofuata ikatoa Crock-Pot, na wamama wa Marekani wenye walikuwa wanaanza kutoka asubuhi kwenda kazi wakaichangamkia vinoma. Jobo mchana, watu wanataka dishi jioni. Si hiyo ndio shida yetu pia?

Ukienda kusaka yako, cheki Luthuli ama kwa hizo maduka za eks-UK. Ya Uingereza iko freshi, stima yao na yetu zinaelewana na plagi ni ileile. Lakini ka kuna kaza amekutumia moja kutoka Marekani, tafadhali usiichomeke kwa ukuta. Hiyo imeundiwa volti 120 na kwetu ni 240. Itaungua papo hapo. Msee anaishi solo ama na beshte mmoja, lita tatu na nusu inamtosha.

Sasa dishi yenyewe. Naipendea pasta, na hapa lazima tuwape Isli heshima yao. Waitaliano walitawala Somalia ya kusini, pasta ikabaki hapo, Wasomali wakaigeuza baasto, wakaifanya yao kabisa na ndizi kando. Leo ukiingia hoteli yoyote Isli utaipata na nyama yenye imeiva kwa xawaash, ile masala ya bizari, giligilani, iliki, pilipili manga, mdalasini, karafuu na manjano. Hiyo xawaash ndio naweka kwa hii pasta. Ladha ya masala inaingia ndani ya kima ikikaa masaa mingi, na hakuna sosi ya chupa itafika hapo.

Usiku, kabla ulale, kaanga kima nusu kilo na vitunguu viwili mpaka ibadilike rangi na ianze kushika chini kidogo. Hii usiiruke. Slokuka haiwezi kaanga, haifikishi joto ya kufanya nyama ikuwe brauni, na hapo kwa brauni ndio utamu iko. Mwaga mafuta yenye imezidi. Ongeza saumu, kijiko moja ya xawaash, tomato ya pakiti vijiko viwili, igeuze dakika moja hivi uskie harufu ikibadilika. Kata nyanya sita, hoho moja, kwaruza karoti mbili. Ikipoa kidogo weka yote kwa friji. Ka hauna friji, usipike usiku: kata mboga tu, kima ununue na ukaange asubuhi, dakika kumi na tano imetosha.

Asubuhi mwaga kila kitu kwa slokuka, chumvi, na maji nusu kikombe tu. Kuna watu wanaweka maji mob juu wamezoea sufuria ya kawaida. Hii mfuniko wake hauachilii mvuke, maji inapanda na kurudi, na nyanya zenyewe zitatoa supu. Chungu ikuwe kati ya nusu na theluthi mbili, isijae. Weka kwa moto ya chini na uishie. Kumbuka ile alama ya kupasha tu si ya kupika. Hiyo ni ya kuhifadhi joto dishi ikishaiva. Na ka kuna mtu amebaki keja mwambie asifunue kuchungulia, juu kila mara mfuniko unafunguliwa joto inahepa na unajiongezea dakika ishirini ama zaidi.

Pasta inaingia mwisho. Hapa ndio wengi wanaharibu: wanaweka makaroni asubuhi na kila kitu, jioni wanapata uji. Pasta inataka dakika, haitaki masaa. Ukifika, chemsha maji kwa kettle, weka vikombe viwili na pasta gramu 250, nusu ya ile pakiti ya kawaida. Penne ama makaroni, zile nene. Pandisha kwa moto ya juu, funika, nenda uoge. Ikifika dakika ishirini koroga mara moja uonje, ka bado ina moyo mgumu ipee dakika kumi ingine. Maziwa, krimu ama chizi ziingie hapo mwisho kabisa, zikipikwa siku nzima zinakatika. Chizi ni ghali, najua. Kipande saizi ya kiberiti, ikikwaruzwa juu na kufunikwa dakika tano, inatosha sahani nne.

Oveni inapatia pasta ya kuoka ile ganda ya juu yenye inakatika kwa meno, na slokuka haiwezi hiyo. Lakini chukua slesi mbili za mkate wa jana, zivunjevunje, zikaange na siagi kidogo na saumu mpaka zikauke, nyunyiza juu ukipakua. Dhania pia. Mi hiyo mkate naionanga ya lazima.

Ukitaka kupunguza nyama na kuongeza maharagwe, poa sana, itashibisha na itapunguza gharama. Ila maharagwe nyekundu isiingie kwa slokuka ikiwa mbichi. Iko na sumu yake ya asili, na ile joto ya pole pole haiimalizi, inaweza hata kuipandisha. Loweka usiku, mwaga hayo maji, chemsha kwa gesi mpaka itokote kabisa nusu saa, ndio iende kwa slokuka. Ndani ya hii stori yote, hapa ndio nakuomba usikie vizuri.

Na stima ikipotea ukiwa jobo? Hutajua ilikuwa nje kwa muda gani, na ile ya kuzungusha kidude ikirudishiwa stima inaendelea tu ka hakuna kitu imefanyika. Uliza jirani. Ka ilipotea masaa mawili na zaidi, mwaga hiyo nyama hata ka inanukia poa. Inauma, lakini hospitali inauma zaidi. Mtaa yenu ka inapoteza stima kila wiki, tafuta kikapu, ile yenye imejazwa sponji ama matambara ndani na hutumii moto. Vikundi vya wamama wameziuza miaka mingi hapa Kenya na zinafanya kazi. Kwa kikapu unageuza mpango: kima na nyanya unaziivisha kwa gesi, unatia pasta na maji ya kutosha, inachemka dakika tatu, unafunika, unaisukuma ndani ya kikapu na mto wake juu. Nusu saa imeiva na umesevu gesi. Hiyo ni ya jioni, si ya kuacha kutwa.

Yenye imebaki isikae mezani mpaka asubuhi. Ipoe kidogo, iingie kwa friji ndani ya masaa mawili, kesho iende jobo kwa kontena. Lakini ukweli, mi napenda kuipika Jumanne ama Jumatano zile wiki za UEFA, juu gemu zinaanza saa nne, saa tano usiku, na mbogi inafikanga keja njaa imewashika. Sahani nne ziko hapo tayari, moto. Mwenye amekuja mikono mitupu ndio ataosha vyombo.