Jifunze Kuchora Ukungu kwa Kunakili Picha ya Zamani

Vijana wetu wengi wa Kibera na Kawangware wanajua kuandika mabango ya kinyozi na hoteli. Mkono wanao. Lakini mteja akitaka picha ya vilima vya Ngong asubuhi, vilima vinatoka kijani kibichi kama sukuma wiki na kuonekana viko mlangoni. Mteja anaenda kwingine, na chakula cha siku hiyo kimepotea. Hapo tunashauri njia ya tangu zamani: kunakili.

Chukua picha ya Mwingereza J. M. W. Turner ya mwaka 1844, treni ikivuka daraja kwenye mvua. Yenyewe iko London, katika jumba la National Gallery, lakini utaiona hata kwenye simu. Sisi tuliozoea reli ya Kibera na ukungu wa Julai tutaielewa upesi.

Kwanza iangalie ukiwa umefumba macho nusu. Utaona kwamba weusi wa kweli uko kwenye treni, karibu nasi. Vya mbali vimepauka hadi vinafanana na mbingu, na kingo zake hazishikiki.

Sababu ni hewa. Kati ya jicho na kilima kuna mvuke, vumbi na moshi, ambavyo hutawanya mwanga. Ndiyo maana Ngong ni buluu ukiwa Kawangware, lakini ukifika huko ni nyasi tu.

Sasa fanya hivi:

1. Paka ubao wote rangi hafifu, manjano na kijivu.
2. Anza na vya mbali: nyeupe nyingi, buluu kidogo.
3. Rangi ikiwa mbichi, lainisha kingo kwa kitambaa. Rangi ya maji ya ukutani hukauka haraka, basi usichelewe.
4. Njoo karibu pole pole, ukiongeza giza. Nyeusi iwe ya mwisho, tena kidogo.

Turner alikufa mwaka 1851, kwa hivyo kumnakili si wizi. Wizi ni kuuza nakala ukisema umeibuni wewe. Andika nyuma: "Nakala kutoka kwa Turner."

Halafu usibaki hapo. Kikundi cha Maasai Mbili, kilichoanzishwa Kibera mwaka 2001, kilitokana na waandika mabango kama wewe. Ukishamaliza nakala, simama kando ya reli asubuhi yenye ukungu, uchore mabati yetu yanavyopotea mbele ya macho. Hiyo picha Turner hakuwa nayo.