Mama, Ijue Tarehe Yako ya Kujifungua

 

Siku ya kwanza kliniki, mama mjamzito huulizwa: "Hedhi yako ya mwisho ilianza lini?" Wengine huona haya kujibu. Usione haya. Nesi anataka kuhesabu siku yako ya kujifungua.

Hesabu ni hii. Chukua siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, yaani siku damu ilipoanza, si ilipokatika. Ongeza siku 7, kisha miezi 9. Kwa mfano, hedhi ikianza tarehe 10 Februari, ongeza siku 7 upate tarehe 17. Hesabu miezi 9 mbele, utafika tarehe 17 Novemba. Hizo ni siku 280, yaani majuma 40.

Wako wanaohesabu kwa mwezi mwandamo. Miezi 9 ya mwandamo ni kama siku 266 tu, kwa hivyo utaanza kuhangaika mapema kwamba mtoto amechelewa. Kumbuka pia kuwa juma la kliniki ni la siku 7, si lile la Kimijikenda la siku 4.

Umesahau tarehe? Jiulize: ilikuwa kabla ya Ramadhani au baada ya Idi? Shule zilikuwa zimefungwa? Mvua ya masika ilikuwa imeanza? Mweleze nesi. Kama hedhi zako hazina mpangilio, au ulishika mimba ukiwa unanyonyesha, hesabu hii yaweza kukosea. Picha ya tumbo itasaidia, hasa ikipigwa kabla ya juma la 24.

Sasa tuangalie hatua tatu za mimba.

Hatua ya kwanza ni hadi juma la 13. Viungo vya mtoto vinaumbika. Mama husikia kichefuchefu na uchovu. Anza kliniki kabla ya juma la 12, na usinywe dawa yoyote, ya dukani au ya miti shamba, kabla ya kuuliza.

Hatua ya pili ni juma la 14 hadi la 27. Tumbo linaonekana, na mtoto anaanza kucheza, mara nyingi kati ya juma la 16 na la 22. Pwani yetu ina malaria, kwa hivyo hupewa vidonge vya kuikinga mimba, lakini si kabla ya juma la 13. Ndiyo sababu moja ya nesi kutaka hesabu sahihi. Kila usiku lala ndani ya chandarua chenye dawa.

Hatua ya tatu ni kuanzia juma la 28 hadi kujifungua. Mtoto anaongezeka uzito na mapafu yake yanakomaa.

Je, mtoto atazaliwa tarehe ile ile? Ni wachache wanaofanya hivyo. Wengi huzaliwa kati ya juma la 37 na la 42. Lakini uchungu ukija kabla ya juma la 37, nenda hospitali mara moja, hata kama ni mdogo, kwani kuna matibabu ya kumsaidia mtoto kabla hajazaliwa. Ukipita juma la 41 bila uchungu, nenda ukapimwe, maana kondo la nyuma laweza kudhoofika. Mama asiyejua hesabu yake atajuaje kwamba uchungu wa leo umekuja mapema?

Wakati wowote ukitokwa na damu, ukaumwa sana na kichwa, ukaona kiwi, ukavimba uso, maji yakavunjika au mtoto akapunguza kucheza, usingoje kuche.

Baba, mama mkwe na wifi, tarehe hii ni yenu pia. Iandikeni mahali mnapoiona. Wekeni nauli mapema, na mjue nani ana gari au bodaboda, hasa tarehe ikiangukia wakati wa mvua barabara zinapoharibika.

Mama, ukienda kliniki beba kijitabu chako, na uulize: "Leo nina majuma mangapi?"