Zimwi la Wavuvi

Wahenga walinena: zimwi likujualo halikuli likakwisha. Hapa Garsen, zimwi tulijualo ni mamba wa Mto Tana. Juzi mpwa wangu alirudi kutoka Dubai na sanduku la vipande vya vinili, vitupu ndani: Godzilla, mnyama wa senema ya Kijapani.

Tulivitia maji ya moto vikalainika, tukapunguza kingo kwa kisu, tukaviunga kwa gundi. Tukapaka rangi nyeusi. Ilipokauka, tukapitisha rangi ya kijivu kwa brashi iliyofutwa hata ikakaribia kukauka. Kila gamba likajitokeza.

Jirani, mvuvi wa siku nyingi, akauliza, “Mwalimu, zimwi la kuunda lina faida gani?”

Nikamweleza. Tarehe 1 Machi 1954 Marekani ililipua bomu la haidrojeni kisiwani Bikini. Majivu yake yaliwaangukia wavuvi 23 wa Kijapani; mmoja alifariki Septemba. Novemba mwaka huo huo ikatoka senema ya mnyama aliyeamshwa baharini na mabomu.

Mzee akalitazama tena. “Basi lipakeni vyema,” akasema. “Hili ni shahidi wa wavuvi.”