VIDONGE VYA KUZUIA MAFUTA: VINAFANYA NINI TUMBONI?



Katika mikutano ya matawi, hasa matawi ya viwanda vya kufungasha chai na sukari hapa Uganda, kuna swali ambalo sasa linatujia karibu mara nyingi sawa na swali la malipo ya saa za ziada. Ndugu wanatuuliza juu ya vidonge vya kupunguza unene, vile vinavyosemwa kuwa "vinazuia mafuta". Je, ni vya kweli? Je, vyafaa mtu kutoa fedha ya jasho lake kuvinunua? Wanaouliza ni kina mama na kina dada wa idara ya kufungasha, madereva na makarani, yaani watu ambao kazi yao ni kukaa au kusimama mahali pamoja zamu nzima. Mkata miwa hajatuuliza, wala hatutazamii atuulize.

Sisi si madaktari. Lakini tumeona hapana budi kulieleza jambo hili kwa lugha ya kueleweka, kwa sababu linagusa mfuko wa mfanyakazi, na afya yake, na kama mtakavyoona hapa chini, limegusa hata nidhamu ya kazini.

Kwanza tuvitenganishe vidonge hivi, maana vimechanganywa katika kapu moja. Dawa ya kweli ya kuzuia mafuta, ambayo nchi kadhaa zimeruhusu iuzwe madukani bila cheti cha daktari, ni moja tu, nayo yaitwa orlistati. Yenye nguvu ya miligramu 120 huuzwa kwa jina la Xenical na huandikwa na daktari. Yenye miligramu 60 huuzwa kwa jina la alli. Marekani iliruhusu hii ndogo iuzwe bila cheti mwaka 2007, na nchi za Umoja wa Ulaya zikafuata mwaka 2009. Asili yake ni kitu kilichopatikana katika kijidudu cha udongoni, ambacho wataalamu wa kampuni ya Roche huko Uswisi walikichunguza katika miaka ya 1980 na kukigeuza kidogo kuwa dawa. Sisi tunaolima udongo miaka yote hatukujua kwamba ndani yake mna biashara ya namna hiyo.

Sasa inafanyaje kazi? Mafuta tunayokula, yawe ya kupikia, ya nyama au ya karanga, hayawezi kupenya ukuta wa utumbo yakiwa mazima. Ni kama muwa mrefu usioweza kuingia katika mashine ya kukamua mpaka ukatwe vipande. Mwili una wakataji wake. Nyongo huyatawanya mafuta yawe matone madogo madogo, kisha huja kimeng'enya kiitwacho lipasi, ambacho kwa sehemu kubwa hutoka katika kongosho, nacho huyakata mafuta vipande vidogo. Vipande hivyo ndivyo vinavyopenya utumbo na kuingia mwilini, na visipotumika kwa kazi huwekwa akiba kiunoni na tumboni.

Orlistati humshika mkataji huyu mkono. Hujibandika pale pale penye makali ya lipasi, na lipasi iliyoshikwa hivyo haikati tena. Mafuta yaliyokosa mkataji hupita utumbo wote mazima na kutoka na kinyesi. Dawa yenyewe karibu yote haiingii katika damu, hufanya kazi yake humo tumboni na kutoka. Lakini kila unapokula, mwili huleta wakataji wapya, na ndiyo sababu kidonge humezwa kwa kila mlo wenye mafuta, wakati wa kula au katika saa moja baada ya kula, si zaidi ya mara tatu kwa siku. Mlo usio na mafuta hauhitaji kidonge. Mtu anayekimeza na chai ya rangi na muhogo wa kuchemsha ametupa fedha.

Wala si mafuta yote yanayozuiwa. Kidonge cha miligramu 60 huzuia kama robo ya mafuta ya mlo, na kile cha miligramu 120 huzuia kama theluthi moja hivi. Yaliyobaki yanaingia mwilini kama kawaida. Na sukari haiguswi, wanga haiguswi, pombe haiguswi. Wakataji wa vitu hivyo ni wengine kabisa, na orlistati haiwajui.

Hapa tunaomba kila ndugu achukue kalamu. Kijiko kikubwa cha mafuta ya kupikia kina gramu kama 14 za mafuta, na kila gramu moja ya mafuta ina kilokalori 9. Sahani yetu ya mchana, posho na maharagwe, tuseme imepata kijiko kimoja cha mafuta, na katika kantini nyingine hata hicho ni kusifu. Robo ya gramu 14 ni gramu tatu na nusu. Hizo ni kilokalori kama 30 tu. Lakini posho yenyewe, ikiwa ni ya unga wa gramu 200, ina kilokalori zipatazo 700, na hakuna hata moja iliyozuiwa. Ukishushia na soda ya mililita 300, umeongeza sukari ya gramu 30 hivi, ambayo ni kilokalori 120. Soda peke yake imefuta kazi ya vidonge vinne.

Kwa maneno mengine, dawa hii ilitengenezwa kwa ajili ya meza za Ulaya na Marekani, penye siagi, jibini na nyama ya mafuta asubuhi, mchana na jioni. Mfanyakazi wa kwetu anayenenepa, mara nyingi hanenepi kwa mafuta mengi. Hunenepa kwa posho nyingi, chai yenye sukari vijiko vinne, mandazi na soda, pamoja na kazi ya kusimama mahali pamoja. Mandazi na chapati zina mafuta, ndiyo, lakini zina unga zaidi.

Hatusemi dawa ni ya uongo, maana imepimwa. Huko Sweden watu 3,305 walifuatwa kwa miaka minne, wote wakishauriwa kula kwa kiasi na kutembea. Waliopewa orlistati ya nguvu kubwa walipungua wastani wa kilo 5.8, na waliopewa kidonge kisicho na dawa walipungua kilo 3.0. Matokeo yalitangazwa mwaka 2004. Basi kazi ya dawa yenyewe, kwa miaka minne, ilikuwa kilo mbili na robo tatu hivi. Pia waliopata kisukari walikuwa wachache zaidi katika kundi la dawa, asilimia 6.2 kwa asilimia 9.0, na hilo si jambo la kudharau. Lakini picha ya yule mwanamke kwenye tangazo, aliyekuwa gunia na sasa ni mwanzi, haikutoka katika hesabu hii.

Kuna jambo la choo, na tutalisema wazi, kwa sababu limewapata wanachama wetu. Mafuta yasiyoingia mwilini lazima yatoke. Aliyekula mafuta mengi juu ya kidonge hiki hubanwa ghafla, hutoa upepo unaofuatana na mafuta, huona madoa ya mafuta katika nguo ya ndani, na wakati mwingine hawezi kujizuia. Kadiri mafuta ya mlo yalivyo mengi ndivyo taabu inavyozidi. Kwa maoni yetu, nusu ya nguvu ya kidonge iko hapa: mtu akishaaibika mara moja, huogopa chipsi bila kuambiwa na mtu.

Katika kiwanda kimoja ambacho hatutakitaja, idara ya kufungasha ilikuwa na kibati kimoja cha choo kwa watu ishirini. Kibati hukaa kwa msimamizi, mmoja akienda nacho wengine wanangoja. Dada mmoja, baada ya kupokea mshahara, alikula kuku na chipsi kwenye kibanda kisha akameza kidonge alichonunua mjini. Zamu ya pili yake alikwenda chooni mara nne, na mara ya tano akaondoka bila kibati. Akapewa barua ya onyo kwa kuacha mashine. Aliona haya kusema sababu, na barua ingebaki katika faili lake kama si mjumbe wa tawi, mama mtu mzima, kumketisha pembeni na kumwuliza taratibu kama mwanawe.

Kamati ya tawi ilikwenda ofisini. Hatukubishana juu ya kidonge. Tuliuliza: je, mwenye mimba afanyeje? Mwenye kuhara afanyeje? Aliyeingia hedhi afanyeje? Meneja alisema mashine haiwezi kusimama. Tukamjibu kwamba mashine haikusimama siku ile, wenzake wawili waliishika. Mazungumzo yalichukua majuma matatu. Barua ilifutwa, na vibati sasa ni vitatu. Tulitaka vifutwe kabisa, hatukufaulu, na ajenda hiyo haijafungwa. Dada yule aliacha vidonge mwenyewe.

Sasa tuje kwenye hatari zilizo kubwa kuliko aibu. Vitamini A, D, E na K husafiri ndani ya mafuta, kwa hiyo mafuta yakipotea nazo hupotea. Mtumiaji wa orlistati hushauriwa kumeza kidonge cha vitamini wakati wa kulala, mbali na mlo. Mwenye mimba na anayenyonyesha wasiiguse, wala mwenye ugonjwa wa kuziba nyongo, wala mtoto wa chini ya miaka 18. Anayetumia dawa ya kuzuia damu isigande iitwayo wafarini, au dawa za kifafa, au dawa ya tezi la shingo, asinunue kabla ya kumwona daktari. Mwaka 2010 wakuu wa dawa wa Marekani waliongeza onyo juu ya ini. Kesi zilizoharibu ini vibaya zilikuwa 13 kati ya mamilioni ya watumiaji kwa miaka kumi, na haikuthibitishwa kwamba dawa ndiyo chanzo. Hata hivyo, mtu akiona macho ya manjano, mkojo mweusi au kuwashwa mwili, aache na aende hospitali.

Na ni nani aliye mnene kiasi cha kuihitaji? Ulaya wameweka kipimo: chukua uzito wako kwa kilo, ugawe kwa urefu wako kwa mita, kisha ugawe tena kwa urefu huo huo. Jibu likiwa 28 au zaidi, unaruhusiwa. Mtu wa mita moja na sentimita 60 hufikia hapo akiwa na kilo 72 hivi. Wengi wa waliotuonyesha vidonge vyao hawafiki. Na huko huko wanasema isitumiwe zaidi ya miezi sita, na kama majuma 12 yamepita bila kupungua, aonwe daktari.

Lakini hayo yote ni juu ya dawa halisi, na vingi tulivyoonyeshwa katika mifuko ya ndugu zetu havina hata jina la orlistati. Vimeandikwa majani ya miti, chai ya kijani, au unga wa magamba ya kamba na kaa uitwao kitosani, unaosemwa kunasa mafuta kama sumaku. Huo umepimwa pia. Mafuta unayoyanasa katika tumbo la mtu ni kidogo mno, na kupungua kwa uzito ni karibu na bure. Hasara yake kubwa ni ya fedha.

Vibaya zaidi ni vile vyenye dawa iliyofichwa. Mwezi wa Januari 2010 wakuu wa dawa wa Marekani walionya juu ya alli bandia, zenye boksi la kufanana na lile halisi. Hazikuwa na orlistati hata kidogo. Ndani yake mlikuwa na sibutramini, dawa ya kuua hamu ya chakula ambayo hupandisha shinikizo la damu na kuukimbiza moyo, na ambayo mwaka huo huo iliondolewa sokoni Ulaya na Marekani kwa sababu ya maradhi ya moyo na kiharusi. Sasa mfikirie ndugu aliye karibu na boila au kikaushio cha chai, jasho linamtoka, moyo unakimbia, na hana njaa tangu asubuhi. Dalili ni rahisi: kidonge kinachosemwa kuzuia mafuta lakini kinakunyima njaa na usingizi, hakizuii mafuta, kina kitu kingine. Orlistati haigusi hamu ya chakula. Kiacheni, na boksi lake mpelekeeni mhudumu wa zahanati au mjumbe wa tawi ili lifikishwe kwa Mamlaka ya Taifa ya Dawa.

La mwisho tumeulizwa kwa siri na ndugu wa mashamba ya maua, nasi tunalijibu kwa wote bila kumtaja mtu. Anayemeza dawa za kupunguza makali ya virusi vya UKIMWI asichanganye na orlistati kwa uamuzi wake. Mwaka 2014 wakuu wa dawa wa Uingereza walionya kwamba orlistati yaweza kupunguza kiasi cha dawa hizo kinachoingia mwilini, na kuna wagonjwa ambao virusi vyao vilikuwa vimetulia na vikaanza kuonekana tena baada ya kuanza vidonge hivi. Mhudumu anayekupa dawa zako kila mwezi ndiye wa kuulizwa, kabla ya kununua. Hana haki ya kulitangaza swali lako kwa msimamizi wala kwa jirani, na akilitangaza, hilo tuleteeni.